Jina la kale, jani jipya: maswali yenu kuhusu kupumzisha sigaa

Barua nyingi za safari hii zina lalamiko linalofanana. Chapa yenye jina la zamani imerudi sokoni, msomaji kanunua boksi, kaonja moja, kaona si kitu. Miezi kadhaa baadaye kaonja nyingine ya boksi lilelile, akabaki anajiuliza kama ni ileile. Tumechagua maswali yanayowagusa wengi.

Kwa wageni wa safu hii: tukisema sigaa tunakusudia msokoto mnene wa majani matupu ya tumbaku, usio na karatasi wala kichungi. Una majani ya tumbo katikati, jani la kufungia linaloyashika, na jani la nje ambalo ndilo jicho hulipenda. Upande unaokatwa na kutiwa mdomoni ni kichwa; upande unaowashwa ni mguu.

Wahariri, salaam. Sigaa ya kwanza ya boksi langu ilikuwa chungu, ilinikereketa koo na ilizimika mara tatu. Nikalitupa boksi pembeni. Baada ya miezi minne nikajaribu tena: moshi laini, utamu wa mbali, inawaka sawasawa. Sigaa imebadilika, au ni ulimi wangu?

Imebadilika, ndugu yetu, ila huenda si kwa sababu unayoidhania. Neno "kupumzisha" limebebeshwa mambo matatu, na kila moja lina muda wake.

La kwanza ni maji. Jani kavu la tumbaku huvunjika mkononi, kwa hiyo msokotaji hulilowesha kidogo ili likubali kukunjwa. Sigaa ikitoka mezani kwake huwa mbichi kwa maji. Kiwanda chenye subira huilaza kwenye chumba cha mbao kwa wiki au miezi hadi maji ya ziada yatoke. Kiwanda chenye wateja mlangoni huifunga mapema. Halafu inakuja safari: ghala, ndege, lori, rafu ya duka, na kila mahali pana hewa yake. Jani la nje huifuata hewa mpya upesi, majani ya tumbo huchelewa. Ndiyo maana unapata sigaa iliyokauka ngozi na kulowa tumbo. Ukiiwasha, jani la nje linakimbia mbele, tumbo linabaki nyuma, moto unafifia. Nawe unavuta kwa nguvu ili isizime, moshi unapata joto, na joto hilo ndilo linaloleta uchungu. Tatizo hili halihitaji mwaka. Wiki tatu hadi nne kwenye unyevu usioyumba humaliza kazi.

La pili ni amonia. Kabla ya kusokotwa, majani hurundikwa na kuvundikwa, kama ndizi zinavyovundikwa ziive; rundo hupata joto lenyewe, hupinduliwa, hurundikwa tena. Katika mvundo huo protini za jani huvunjika na amonia hutoka. Jani lililoharakishwa, au lililoloweshwa tena wakati wa kusokota, hubaki nayo. Ubaya wake si harufu peke yake: amonia huufanya moshi uwe na asili ya magadi, na katika moshi wa namna hiyo nikotini hupenya upesi zaidi mdomoni. Hapo ndipo linapotoka lile pigo la kooni na kizunguzungu. Amonia huhitaji miezi, kwa kawaida mitatu hadi sita, na sigaa nene huchelewa kuliko nyembamba.

La tatu ni kukomaa hasa: ukakasi unapungua, harufu za majani mbalimbali zinaungana, ukali unazama. Hilo ni la mwaka na kuendelea, na si kila sigaa inalijua.

Kwa dalili ulizoandika, yaani kuzimika na uchungu, sisi tungeanza kushuku maji. Ya kukereketa koo huenda ilikuwa amonia. Miezi minne ilitosha kwa yote mawili. Kukomaa kwenyewe hata hakujaanza.

Siku nyingine usisubiri miezi ndipo ujue. Nusa mguu wa sigaa kabla ya kuiwasha. Ikikupiga puani kama zizi lisilosafishwa au kama dawa ya kupaka nywele rangi, hiyo ni amonia, irudishe ikapumzike. Kisha ibonyeze taratibu kwa vidole viwili toka kichwani hadi mguuni. Inayobonyea kama sponji ina maji mengi. Inayolia kwa mipasuko midogo imekauka. Inayobonyea kidogo na kurudi polepole iko tayari.

Nitajuaje kwamba maji yametulia? Kipima unyevu cha sanduku langu la kuhifadhia sigaa kinasoma asilimia 68 tangu siku ya pili.

Kipimo hicho kinasoma hewa ya sandukuni. Hewa hutulia kwa saa chache, tumbo la sigaa kwa wiki. Tumia mizani ndogo ya vito inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Sigaa ya saizi ya robusto, urefu wa milimita 124 na unene wa 50 (yaani 50 ya sehemu 64 za inchi, karibu milimita 20), huwa na uzito wa gramu 10 hadi 13. Chagua mbili, zitie alama, zipime kila wiki siku ileile, uandike. Zilizofika mbichi zitashuka uzito, zilizokauka zitapanda. Wiki ambayo tofauti ni chini ya sehemu tano za mia za gramu, na wiki inayofuata pia, maji yametulia. Tungependa kila anayesema "miezi sita imeibadilisha kabisa" awe na daftari la uzito kwanza, maana mara nyingi angekuta mabadiliko yote yalikwisha wiki ya nne.

Nimesoma kwenye kasha kwamba chapa hii ni ya tangu karne ya 19. Je, ninachovuta ndicho walichovuta mababu? Na kama sivyo, kwa nini niamini jina?

Jina limerudi, jani halikurudi.

Chukua La Palina. Sam Paley, mhamiaji aliyeishi Chicago, aliianzisha mwaka 1896. Picha ya mwanamke kwenye kasha ni ya mkewe, Goldie. Iliuzwa kwa wingi Marekani, na matangazo yake ya redio miaka ya 1920 ndiyo yaliyomvuta mwanawe, William S. Paley, kuingia kwenye biashara ya redio na kuijenga CBS, kampuni ya utangazaji. Baadaye chapa ikafa. Mjukuu, Bill Paley, akaifufua mwaka 2010, na sigaa za kwanza zilisokotwa Nassau, Bahama. Nyingine zikafuata kutoka Honduras, na nyingine Miami. Familia ni ileile. Mashamba, mbegu, viwanda na mchanganyiko wa majani ni vya karne hii.

Kuna ufufuo wa namna nyingine. Joya de Nicaragua ya mjini Estelí ilianza mwaka 1968. Ikapita katika mapinduzi ya 1979, kisha vikwazo vya biashara vya Marekani dhidi ya Nikaragua kuanzia 1985 hadi 1990. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiwanda kikatoa Antaño 1970, sigaa iliyokusudiwa kurudisha ule ukali wa zamani. Hapo halikufufuliwa jina tu, umefufuliwa mtindo, na mtindo wenyewe ni mkali kiasi kwamba wengi huuonja upya kwa haki baada ya mwaka.

Na kuna majina pacha. Kuba ilitaifisha viwanda vya sigaa Septemba 15, 1960. Wenye viwanda wengi wakakimbia na madai yao ya majina. Mwaka 1962 Marekani ikafunga biashara na kisiwa hicho. Ndiyo sababu leo Partagás au Romeo y Julieta inaweza kuwa ya Kuba au ya Jamhuri ya Dominika, na hizo ni sigaa mbili zisizohusiana ila kwa ukanda wa karatasi.

Lenye uzito kwako ni hili: mfufuaji wa chapa mara nyingi hana kiwanda. Anakodi mikono ya wengine. Toleo la kwanza likinunuliwa haraka, la pili husokotwa kwa haraka, na jani la nje la awali likiisha hutafutwa lingine linalofanana. Kwa hiyo sigaa ya chapa iliyofufuliwa hufika ikiwa changa kuliko ya kiwanda kikongwe chenye akiba ya majani, nayo hubadilika toleo hadi toleo. Jina usiliamini wala usilichukie. Tafuta mambo matatu: kiwanda gani kimesokota, jani la nje la wapi, na tarehe. Makasha ya Kuba hupigwa muhuri chini, mwezi kwa kifupi cha Kihispania na mwaka: ENE ni Januari, ABR ni Aprili, AGO ni Agosti, DIC ni Desemba. Viwanda vingi vya nchi nyingine haviandiki tarehe. Andika mwenyewe siku uliyonunua, kwa penseli, chini ya kasha.

Naomba maelekezo ya kuandaa mahali pa kupumzishia. Nina sanduku jipya la mbao, nimetia sigaa 20, na unyevu haupandi juu ya asilimia 58 hata nikiongeza maji.

Umetia sigaa kabla mbao hazijashiba. Mbao za ndani ya masanduku haya kwa kawaida ni za Cedrela odorata, mti wa ukoo wa mkangazi ambao wengi huuita mwerezi. Zikiwa kavu hunyonya unyevu wote, na zikikosa wa hewani hunyonya wa sigaa zako. Zitoe leo, uziweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana pamoja na paketi moja ya unyevu (kifuko kinachouzwa tayari cha kurekebisha unyevu wa hewa), kisha uanze upya.

Kwanza kipimo. Vipima vya mshale vinavyokuja na sanduku hukosea hata kwa alama kumi. Cha tarakimu ni bora, nacho kipimwe. Chukua kifuniko cha chupa, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi ya mezani, dondoshea maji hadi chumvi iwe kama mchanga uliolowa. Isiyeyuke, ikiyeyuka yote umezidisha maji na kipimo kitapotoka. Weka kifuniko na kipima unyevu ndani ya mfuko wa nailoni wa kufunga, acha hewa kidogo ndani, ufunge, uweke mahali pasipo jua kwa saa 24. Chumvi iliyoshiba maji hushikilia hewa iliyofungwa kwenye asilimia 75. Soma ukiwa nje ya mfuko, usifungue. Kikisema 71, ujue kinapunguza nne.

Kisha mbao. Njia ya salama ni paketi za unyevu za asilimia 84: zitie, funga, usifungue kwa siku 14. Njia ya pili ni bakuli dogo la maji yaliyokenekwa, yasiyo na madini, likae ndani siku tatu hadi saba hadi kipimo kitulie kati ya 70 na 75, halafu liondolewe na sanduku lifungwe siku moja zaidi. Usifute mbao kwa kitambaa chenye maji. Mbao huvimba upande mmoja, mfuniko unapinda, na sanduku lililopinda ni sanduku linalovuja maisha yake yote. Maji ya bomba nayo yakae mbali: madini yake huziba sponji ya kutolea unyevu, na vijidudu vyake huleta ukungu.

Baada ya hapo tia paketi za kazi, zile zinazotoa unyevu ukipungua na kuunyonya ukizidi. Hesabu ni paketi moja ya gramu 60 kwa kila sigaa 25 ambazo sanduku linaweza kubeba, si ulizonazo. Watu hukosea hapo: sanduku la sigaa 75 lenye sigaa 20 linahitaji paketi tatu, kwa sababu mbao na hewa vinakunywa pia. Usichanganye paketi za viwango tofauti, zitashindana hadi zife.

Kiwango gani? Vitabu vya zamani vinasema 70 kwa nyuzi 21 za selsiasi, nacho bado kinafaa kwa sanduku la mbao linalofunguliwa mara kwa mara. Kwa kupumzisha tunapendelea 65. Sigaa huwaka vizuri zaidi na ukungu hukosa nafasi. Halijoto kati ya nyuzi 18 na 21. Usihangaike na digrii moja, hangaikia kuyumba. Sanduku linalopanda hadi 72 mchana na kushuka hadi 62 usiku hulivuta na kulilegeza jani la nje kila siku, na mwisho wake ni kupasuka.

Na kama sanduku limegoma kabisa? Fanya jaribio la noti: funga mfuniko juu ya noti, uivute. Ikitoka bila kushikwa, muhuri umelegea. Hapo chombo cha plastiki cha jikoni kisicho na harufu, kipande cha ubao wa mwerezi na paketi moja vinakitunza kile ambacho sanduku la fahari limeshindwa. Hakipendezi sebuleni, lakini hakivuji. Kifungue dakika moja kila wiki mbili, amonia itoke.

Nataka kuijaribu tena chapa niliyoikataa, safari hii kwa haki. Nifanyeje nisijidanganye?

Swali zuri kuliko yote ya mwezi huu.

Nunua kasha moja la sigaa 10, saizi moja. Sigaa za mkono hazilingani hata ndani ya kasha moja, kwa hiyo kila awamu vuta mbili ndani ya wiki moja, na usihukumu kwa moja. Awamu ziwe tano: siku ya tatu baada ya kufika, siku ya 30, ya 90, ya 180 na ya 365. Hapo kumi zimekwisha.

Kati ya siku ya 3 na ya 30 unapima maji. Kati ya 30 na 180 unapima amonia. Kutoka 180 hadi 365 ndipo unapoanza kupima umri. Ukiruka awamu ya siku ya 30 utayachanganya yote matatu na kuyaita ukomavu, kama wanavyofanya wengi.

Kila mara andika: uzito kabla, mvuto kabla ya kuwasha (rahisi, wa kubana, umeziba), idadi ya kuwasha upya, dakika toka kuwasha hadi theluthi ya mwisho, na ladha ya kila theluthi kwa maneno yako. Usiazime maneno ya kwenye kasha. Kama unaonja ngozi mbichi, andika ngozi mbichi. Wakati wa siku uwe uleule, mdomo usafishwe kwa maji matupu, na usinywe kahawa wala pombe kwenye majaribio haya.

Mwendo wako pia uwe mmoja: pafu moja kwa dakika, hivi. Robusto ikiisha chini ya dakika 40 umeikimbiza, na uchungu uliouonja ni wako. Kata kichwa kidogo, milimita mbili tu. Ukishuka chini ya kofia, kile kipande cha jani kinachofunika kichwa, jani la nje litafunguka. Washa kwa kiberiti cha gesi au njiti ndefu ya mbao. Kiberiti cha petroli huacha harufu yake theluthi nzima ya kwanza. Choma mguu bila kuugusisha mwali, uzungushe hadi ukingo wote uwe mwekundu, ndipo uvute.

Awamu ya siku ya 180 ina nyongeza moja. Nunua mpya mbili, zitulize wiki nne tu hadi uzito ukae, kisha mwombe mtu azivue kanda na kuzichanganya na mbili zako za siku ya 180, akiandika kwa siri ipi ni ipi. Ukizitambua nne zote bila kuambiwa, muda umefanya kazi. Usipozitambua, huna haja ya kusubiri miezi sita tena kwa chapa hiyo. Angalia tu tarehe na kiwanda cha hizo mpya. Zikiwa za toleo jingine, unachopima ni mchanganyiko mpya wa majani, na daftari lako la miezi sita haliwezi kukujibu.

Nivue karatasi ya nailoni au niiache?

Ile si nailoni, ni selofani, inayotengenezwa kwa nyuzi za miti, nayo hupitisha mvuke taratibu. Kwa miezi iache: inalinda jani la nje na kuzuia sigaa moja isiambukize nyingine harufu. Kwa miaka ivue. Ikigeuka rangi ya chai, sigaa imekaa nayo muda mrefu. Zilizo kwenye mirija ya aluminiamu zifungue kifuniko, la sivyo hazipumziki. Na sigaa zenye vionjo vya kutiwa, kama vanila, zikae peke yake daima. Harufu yake huingia kwenye mbao na haitoki.

Nimekuta unga mweupe juu ya sigaa, na mbili zina vitundu kama vya pini. Muuzaji anasema unga ni dalili ya ukomavu.

Unga mweupe karibu kila mara ni ukungu, hata ukipewa jina la heshima. Ukiwa juu ya jani la nje tu, ufute kwa brashi laini nje ya chumba, ushushe unyevu hadi 65, usafishe sanduku kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili na uliache wazi siku mbili. Ukiwa wa kijani au buluu, au umeingia ndani ya mguu, tupa sigaa hiyo bila kuihurumia.

Vitundu ni habari nyingine, na hiyo usiilaze hadi kesho. Ni kazi ya fukusi wa tumbaku, Lasioderma serricorne. Mayai huja na jani kutoka shambani au ghalani, na joto huyaamsha. Kwenye nyuzi 37 mdudu hukamilisha maisha yake kwa siku kama 26, kwenye nyuzi 20 huchukua karibu siku 120. Ndiyo maana sanduku la kupumzishia miezi sita lisipande juu ya nyuzi 21 kwa muda mrefu: unampa muda, usimpe na joto.

Tupa zilizotobolewa. Zilizobaki zote, hata zinazoonekana nzima, zifunge kwenye mifuko miwili ya nailoni, hewa ikiwa imekamuliwa. Siku moja kwenye friji, siku tatu kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, siku moja tena kwenye friji, kisha zikae nje ndani ya mifuko hadi zipate joto la chumba. Ukifungua mfuko ukiwa baridi, maji yatajikusanya juu ya jani na kulichana. Friji peke yake haitoshi, mayai huvumilia ubaridi wake kwa siku kadhaa. Wakati huo toa unga wote sandukuni kwa brashi na uchunguze pembe za mbao.

Sigaa zangu zilikaa mwaka mzima mezani bila unyevu. Zitafufuka?

Maji yatarudi, mafuta ya harufu yaliyopotea hayarudi. Ukiamua kujaribu, usiwe na haraka: tumbo likilowa kabla ya jani la nje kulegea, litavimba na kulipasua. Wiki mbili kwenye asilimia 60 au 62, wiki mbili kwenye 65, na kama unapendelea zaidi, wiki mbili kwenye 69. Pima uzito. Mvuke wa birika na taulo lililoloweshwa ni njia za kuharibu kile kilichobaki.

Je, sigaa iliyopumzishwa ina madhara kidogo?

Hapana. Kinachopungua ni ukali unaousikia. Nikotini, lami na gesi yenye sumu ya monoksidi ya kaboni vipo vilevile kwenye moshi.

Nimeambiwa kila sigaa inakuwa bora kadiri inavyokaa. Nina mchanganyiko: chache zenye jani la nje jeupe la Connecticut (aina ya jani yenye jina la jimbo la Marekani), chache nyeusi za Nikaragua, na kasha la sigaa za mashine. Nizilaze zote miaka mitano?

Za mashine zivute ukitaka. Tumbo lake ni vipande vidogo vilivyokatwakatwa, zikitulia maji hazina tena cha kungojea.

Zenye jani jeupe ziliumbwa laini. Zipe wiki nne hadi miezi mitatu. Baada ya mwaka mmoja au miwili nyingi huanza kupwaya: harufu ya maziwa na njugu inaondoka, inabaki ladha ya karatasi. Kwa hizi kupumzisha kupita kiasi ni hasara ya kweli, na tunaona watu wakizipoteza kwa kuziheshimu mno.

Nyeusi za Nikaragua ndizo zenye akiba. Ndani yake mna majani ya juu ya mche, yale mazito yaliyopigwa na jua zaidi, ambayo wasokotaji huyaita ligero. Huungua polepole na hubeba nikotini nyingi. Hayo ndiyo hunufaika na miezi sita hadi miaka miwili, nyingine hata mitano, kwa sababu yana kitu cha kupoteza. Vuta moja kila miezi mitatu. Ukiona ya sasa ni laini kama ya awamu iliyopita lakini harufu imepungua, kilele kimeshapita. Zilizobaki zishushie hadi asilimia 62 ili mabadiliko yapungue kasi, na uzimalize ndani ya mwaka huo.

Jambo la mwisho kwa kasha lako: sigaa uliyoipumzisha kwenye 69 usiitoe na kuiwasha papo hapo. Ilaze saa 24 hadi 48 kwenye kasha tupu la mbao lisilo na paketi, hasa ikiwa nene. Maji kidogo ya juu yatatoka, na hutaiwasha mara ya pili.